Baragumu Mfukoni

Asubuhi ambayo wageni wa Kendu Bay walitarajiwa, Maroa aliifungia simu yake ndani ya sanduku la bati, akalisukuma sanduku chini ya kitanda, akatoka nje mikono mitupu. Alifika mpaka mlango wa zizi. Alisimama pale akiwatazama ng'ombe waliojaa humo, wanono, ngozi zikimeta, na hakumjua hata mmoja kwa jina.

Walikuwa ng'ombe wa Mayaka.

Mayaka alikuwa jirani yake na mchuuzi wa mifugo katika soko la Ogwedhi. Aliwaswaga mwenyewe asubuhi hiyo mpaka kwa Maroa, na sasa alisimama ubavuni mwake akijipunga kwa kofia.

"Mzee, ni ya leo tu, sindio?"

"Wageni wakipanda gari kurudi, wewe fungua mlango uende nazo."

"Mimi sina neno. Lakini nimekuuliza mara mingi na hunijibu. Zile zako uliniuzia moja moja mpaka zizi ikaisha. Uko na mama mwingine huko Migori mjini?"

"Mayaka, wacha upuzi."

"Si ubaya. Nataka tu kujua, kwa sababu huyo mama anakula! Zizi mzima!" Mayaka akacheka peke yake. Alipoona mwenzake hacheki, alivaa kofia akaenda kukaa kwenye gogo kando ya njia, pamoja na wanaume wengine wa jirani waliokuja kushuhudia.

Laiti ingekuwa habari ya mwanamke. Maroa aliwaza hivyo bila haya. Mambo ya mwanamke yanaelezeka. Wazee huitana, hugomba, hutoza faini, kisha hucheka. Lakini hili la kwake angelianzia wapi?

Ng'ombe aliowauza hawakuwa wake. Walilala katika zizi lake, naye ndiye aliyewafungulia kila asubuhi, lakini walikuwa ng'ombe wa Bhoke, binti yake. Walikuja kama mahari siku Bhoke alipoolewa upande wa Kehancha, na kwa desturi ya Wakuria ng'ombe wa namna hiyo hawaguswi. Huwekwa mpaka kaka apate mchumba, kisha hao hao hutoka kwenda kumwolea. Mwaka ule Bhoke alikuwa akijifunza ushonaji na alitaka kumaliza kwanza. Mama yao alikuwa amekwisha kufa, na Stanley, mdogo wake, hakuwa na njia nyingine ya kupata mke. Basi Bhoke aliacha cherehani akaolewa. Tangu hapo, kila alipopiga simu, baada ya salamu swali lake kwa baba lilikuwa moja: "Tata, ng'ombe wangu hawajambo?"

Na Maroa alijibu, "Wamenona."

Alijibu hivyo walipokuwa wamenona kweli. Aliendelea kujibu hivyo walipobaki nusu. Mwezi uliopita alijibu hivyo akiwa ameketi juu ya jiwe, ndani ya zizi lililoanza kuota majani.

Balaa lilianzia sokoni, pale ng'ombe wanapopakiwa kwenye lori. Fahali mmoja alimbana Maroa kwenye nguzo, mfupa wa paja ukavunjika, na mtu ambaye hakuwahi kukaa kitako mchana akalazwa nyumbani msimu mzima wa mvua. Stanley, anayetengeneza simu katika kibanda mjini Migori, alimletea simu kubwa yenye kioo kipana.

"Nimekuwekea mchezo wa ng'ombe, Tata," alisema. "Usizeeke ukihesabu mabati."

Maroa alicheka. Mtu mzima kuchunga ng'ombe wa kioo! Lakini siku hiyo hiyo mchezo ulimpa ndama wa bure, mwekundu, mwenye doa jeupe juu ya jicho, na alipompapasa kwa kidole, ndama yule alilia kama ndama. Akamlisha. Akampa jina. Ndama akakua, akazaa. Kulikuwa na mto, na majani yaliyoota ukiyangoja, na kwa mbali vilima vilivyofanana na vya kwao. Mguu ulipoanza kupona, Maroa alikuwa na kundi ambalo babu yake asingelidharau.

Kisha akavamiwa.

Aliamka akakuta zizi la kwenye kioo liko wazi na fahali wake hayupo. Maandishi mekundu yalisema kwamba aliyemchukua anajiita Mkuki Mweusi. Kwa mtu wa mjini huo ungekuwa mchezo. Kwa Maroa haukuwa. Alikuwa bado mtoto wa kuchunga ndama wakati wezi wa mifugo walipokuja kwao na kuondoka na kila chenye kwato, na alimwona baba yake akiketi mlangoni mwa zizi tupu, siku baada ya siku, chakula kikipoa kando yake, mpaka majirani wakaja kumwinua kwa mikono. Baba yake hakuwa mtu tena. Maroa aliapa kwamba yeye hataketi mahali pale.

Na simu, kana kwamba ilijua hayo yote, ilimwonyesha la kufanya. Jenga ua wa miiba. Ajiri walinzi. Jenga ukuta wa mawe. Vyote vilinunuliwa kwa almasi za humo mchezoni, na almasi zilinunuliwa kwa pesa za kweli. Unabonyeza tu, simu inalipa. Mara ya kwanza ilikuwa bei ya tumbaku. Ua ukasimama, naye akalala usingizi mzuri. Haukupita muda, Mkuki Mweusi akauruka ua ule, na walinzi wakawa na bei ya mbuzi. Kila ukuta alioununua ulimtuliza kidogo, kisha ukaonekana mfupi. Palikuwa pia na sanduku linalotikisika lenyewe, ambalo ukilifungua huenda ukamkuta fahali mweupe asiyeshindwa na mwizi yeyote. Huenda. Maroa alilifungua mpaka kidole kikauma. Alipata majani. Alipata kengele ya shingoni. Mara moja aliona ncha za pembe za fahali mweupe zikichungulia, kisha sanduku likajifunga, na kwa ajili ya pembe zile akampeleka sokoni mtamba wa kwanza wa Bhoke.

"Nitamrudisha," alijiambia njiani akitoka kumuuza. Alisema hivyo kwa kila mmoja aliyefuata, na kila mara aliamini.

Sasa, mbele ya zizi lililojaa ng'ombe wa mtu mwingine, alihisi vidole vikimwasha. Wageni watanishika mpaka jioni, aliwaza, na yule mwizi hana wageni. Atajua sipo. Alirudi ndani, akalivuta sanduku la bati, akaitoa simu na kuitia katika mfuko wa ndani wa koti. Hakuufungua mchezo. Aliongeza sauti tu, ili asikie akivamiwa.

Gari la kukodi, Probox, lilifika jua likiwa limepanda. Wa kwanza kushuka alikuwa Cephas, mzee mrefu anayetengeneza mashua ufukoni Kendu Bay. Alikuwa ndugu mkubwa wa baba yake Dolphine, yule msichana wa duka la dawa mjini Migori ambaye Stanley alitaka kumwoa. Nyuma yake alitoka Omondi, binamu wa Dolphine, kijana wa maneno mengi, kisha Stanley mwenyewe, ambaye alikuwa amewapokea mjini na kuja nao, shati limepigwa pasi mpaka likakakamaa.

"Wazee, tumekula vumbi ya Ogwedhi mpaka tumeshiba," Omondi alisema akijipangusa. "Hiyo kuku nanusa huko jikoni itakuwa ya kujazia tu."

"Omera, kijana, tulia," Cephas alimwambia. "Hatujatazama na wewe unaongea kuku?" Akampa Maroa mikono miwili. "Mzee Maroa. Sisi kwetu mtu hali kabla hajaona ng'ombe. Tukiona, tutakaa, tutakula, tutaongea mpaka utufukuze."

"Karibuni. Wako pale."

Wakaenda. Cephas aliegemea nguzo ya zizi, akatazama kwato, akatazama viwele, akaonyesha ng'ombe mmoja mweusi kwa kidevu.

"Huyu amezaa mara ngapi?"

"Mara mbili," Maroa akajibu haraka.

Cephas alizitazama pembe za ng'ombe yule, mahali ambapo kila uzazi huacha pete, akakaa nazo kwa muda. Akauliza juu ya mwingine. Maroa akajibu tena, na mzee akaitikia "mmh" polepole, kama mtu anayesikiliza injini inayokohoa. Kule kwenye gogo Mayaka alikuwa ameinama akichora chini kwa kijiti.

Ndipo Bhoke akatoka jikoni. Alifika kwa pikipiki muda mfupi kabla ya wageni, akapitia nyuma ya nyumba moja kwa moja mpaka penye moto, hivyo hakuwa ameliona zizi. Alikuja akijifuta mikono kwa leso, anatabasamu, maana siku hiyo ilikuwa yake kuliko ya mtu yeyote. Yeye ndiye angemgusa kila ng'ombe mgongoni na kumwambia nenda. Maroa alimwona akija. Alitamani mvua inyeshe. Alitamani aanguke azirai.

Bhoke aliingia zizini. Tabasamu lilibaki usoni, lakini macho yalianza kutembea kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, yakamtafuta yule mwenye pembe iliyopinda, yakamtafuta yule wa kijivu aliyezoea kumlamba mkono.

"Tata," alisema kwa sauti ndogo. "Yule wa kijivu..."

Baragumu likalia.

Lililia ndani ya koti la Maroa, kali na refu, mlio ule ule ambao watu wa mpakani wameujua tangu utotoni: pembe ya hatari, wezi wamefika. Waliotengeneza mchezo ule walikuwa wameuiga vizuri mno. Wanaume waliokaa kando ya njia waliruka na fimbo. Jikoni mwanamke alipiga yowe. Na Mayaka, ambaye aliwahi kuibiwa kundi zima na hajasahau, alitupa kijiti akaja mbio, kofia ikamwanguka, akaruka ndani ya zizi mikono juu.

"Ng'ombe zangu!" alipiga kelele. "Fungeni mlango! Wooi, ng'ombe zangu! Susana! Susana, kuja hapa!"

Na ng'ombe mweusi, yule aliyezaa mara mbili, akainua kichwa akamfuata.

Baragumu liliendelea kulia. Mkono wa Maroa ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni, na kabla hajajua anafanya nini, simu ilikuwa mbele ya macho yake na kidole kilikuwa kimebonyeza. Ukuta wa chuma. Pesa ambayo Stanley alimtumia ya soda za wageni ikaondoka. Simu ikanyamaza.

"Hakuna wezi," alisema. "Ni simu."

Omondi alichungulia begani kwake. "Wololo! Mkuki Mweusi?" Alicheka kabla hajajizuia. "Mzee, hata wewe? Huyo alinimaliza huko Kendu Bay, nikatoa huo mchezo kwa simu."

Maroa alimgeukia kwa ghafla. "Unamjua? Ni mtu wa wapi?"

"Wa wapi? Mzee, huyo si mtu."

"Ananichukulia ng'ombe tangu mvua za mwaka jana. Nimekuuliza, ni mtu wa wapi?"

Kicheko kilimtoka Omondi usoni. Alimtazama Stanley kama anayeomba kuokolewa. "Ni mchezo wenyewe, mzee," alisema taratibu. "Ni kompyuta. Inaona vile unanunua, halafu inakutumia huyo. Usiponunua, anakuja. Ukinunua, anangoja kidogo, anakuja. Kila mtu anatumiwa Mkuki Mweusi wake."

Maroa alibaki amemkodolea macho. Mwaka mzima alikuwa amempa yule mwizi sura. Alikuwa amempa kovu na umri, amempa hata ukoo, na baadhi ya siku sokoni alikuwa akiwatazama watu wageni usoni akijiuliza kama ni huyu. Alikuwa amemchukia kama mtu anavyomchukia mtu.

"Tata," Stanley alisema, "umekuwa ukinunua? Kwa pesa?"

Bhoke hakuwa amesogea. Alisimama katikati ya zizi, leso mkononi, akiitazama simu mkononi mwa baba yake kama anayetazama shimo.

"Ng'ombe wangu wako wapi?" Akaionyesha simu kwa kidole. "Wako humo?"

"Wako humo," Maroa akasema.

Cephas alivua kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Mzee mwenzangu. Ungeniambia hauna ng'ombe, ningekaa nikakula hiyo kuku. Watu wengi hawana siku hizi, na sisi hatuuzi msichana, tungengoja. Lakini umenionyesha ng'ombe ya mtu. Ukaniambia mpaka vile imezaa. Sasa nikifika kwa ndugu yangu nimwambie nini? Kwamba ulinidanganya na bado nikaosha mikono nikakula?"

"Na Dolphine, baba?" Stanley alimwuliza Cephas. "Yeye amekosa nini?"

"Hajakosa. Wewe pia hujakosa. Lakini atarudi kwao akae. Hatujasema hapana, kijana yangu. Tumesema leo hatukuja hapa."

Wakaondoka bila hata kunywa maji. Omondi aliitupia jikoni jicho moja, akaona haya, akafuata. Stanley aliwasindikiza mpaka garini akiomba kitu ambacho watu wa zizini hawakukisikia. Probox ilipopotea alibaki amesimama barabarani, ameipa nyumba mgongo.

Mayaka aliokota kofia yake, akafungua mlango.

"Pole, mzee," alisema bila kumtazama. "Pembe ikilia mimi sina akili." Akawaswaga ng'ombe wake nje, Susana mbele, na zizi likabaki na kinyesi kibichi tu.

Maroa alidhani binti yake atapiga kelele. Alikuwa tayari kwa kelele. Bhoke aliingia nyumbani, akatoka na kigoda na sahani ya kuku, akakiweka kigoda mlangoni mwa zizi.

"Kaa."

"Bhoke, si hapo."

"Kaa hapo, Tata."

Akakaa. Bhoke akanyoosha mkono, akapewa simu. Maroa aliona jiwe karibu na mguu wa binti yake, akafunga macho akingoja kioo kipasuke. Lakini Bhoke aliiegemeza simu kwenye jiwe lile, uso kwa uso na baba yake, akaketi chini kando yake na kuweka sahani ya kuku katikati yao.

"Atarudi lini huyo mwizi wako?"

"Sasa hivi. Ukuta wa chuma haukai."

"Basi tutamngoja. Akija, usiguse."

Maroa aliingiza mikono chini ya mapaja yake. Kuku akaanza kupoa, mafuta yakiganda pembeni ya sahani. Baragumu lilipolia, mwili wake wote uliruka, na Bhoke alimwona akijirudisha kigodani kwa nguvu kama mtu anayemfunga mwenzake. Kwenye kioo ng'ombe wa kwanza alitoka zizini, akafuatwa na mwingine. Maroa alimtaja kila mmoja kwa jina, midomo ikicheza tu.

"Niache nijenge wa miiba," alisema. "Ule wa bei ndogo. Mmoja tu, Bhoke. Wanatoka!"

"Wangu uliwajengea ua gani?"

Jasho lilimtiririka. Alitazama mlima, akatazama miguu yake, lakini masikio hayakuwa na pa kwenda. Baragumu lililia, likanyamaza, likalia. Fahali waliondoka, mitamba wakaondoka. Mwishowe alibaki ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye doa jeupe juu ya jicho, yule wa kwanza kabisa, amesimama peke yake kwenye majani mabichi akimtazama. Maroa alitoa sauti ambayo Bhoke alikuwa ameisikia mara moja tu maishani, siku walipomzika mama yake. Ng'ombe mwekundu akageuka, akatoka, na kioo kikawa cheusi.

Huko barabarani Stanley alikuwa amechuchumaa. Upepo ulisukuma majani makavu ndani ya zizi tupu na kuyatoa tena. Maroa alipumua, akahisi mikono yake imekufa ganzi, akafikiri pengine yamekwisha.

Simu ikawaka yenyewe. Safari hii halikuwa baragumu. Ilikuwa filimbi, laini, kama ya mchungaji anayeita. Maandishi yakatokea: Pole kwa msiba. Umepewa ndama mmoja wa bure. Gusa umwone.

Bhoke aliyasoma. Hakunyoosha mkono wake. Aligeuza uso akamtazama baba yake tu.

Mkono wa Maroa ulikuwa umekwisha kutoka chini ya paja. Kidole kilikuwa hewani, karibu kabisa na kioo. Akainua mkono wa pili, akajifunika macho.

"Ichukue," alisema. "Bhoke, ichukue sasa hivi, kabla sijaona rangi yake."